Kuweka dau kwenye mnada wa sarafu za zamani bila kupandwa na mori

Maswali ya wanaoanza ni yaleyale. "Nimeandika dola 60, mbona inaonyesha 41?" "Mtu kanipita sekunde ya mwisho, hiyo ni halali?" "Nimeshinda, kesho yake nimeiona ileile kwingine kwa nusu bei, nifanyeje?" Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia kabla hujafungua ukurasa wa mnada mpaka sarafu iko kwenye kiganja chako.

Mifano ni ya sarafu za Afrika Mashariki: mapesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, rupia na heller (vipande vidogo vya rupia) za Wajerumani, shilingi na senti za tundu za enzi ya Mwingereza. Kama unakusanya stempu, noti au kadi za posta, hatua hazibadiliki sana. Kinachobadilika ni namna ya kukagua.

Kitu kimoja kishike tangu sasa: bei inapangwa ukiwa umetulia, peke yako, kabla hujajua mwingine anatoa ngapi. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kuilinda bei hiyo dhidi yako mwenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi. Si programu ya simu, maana simu ndiyo itakayokuwa inakutia kiherehere.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi ya kukuza mara 10 na sumaku ndogo yenye nguvu.
- Akaunti ya Numista, ambayo ni orodha ya sarafu ya mtandaoni isiyolipiwa. Humo utapata uzito, kipenyo, madini na miaka ya kila toleo.
- Kadi ya mtandaoni unayoijaza mwenyewe kiasi unachotaka. Usiunganishe akaunti ya mshahara na tovuti ya mnada. Kadi yenye dola 80 ndani haiwezi kulipa 140 hata mwenye nayo akichanganyikiwa.
- Bajeti ya miezi mitatu, iliyoandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari. Bajeti ya mwezi mmoja ni fupi mno: mwezi ambao hakuna kitu kizuri utanunua takataka ili tu hela iishe.

Mnada unavyofanya kazi, kwa ufupi

Utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni mnada wa muda, kama wa tovuti ya eBay. Unaandika kiwango chako cha juu kabisa, mfumo unakificha, kisha unakupandishia kidogo kidogo kadiri wengine wanavyojitokeza. Ukiandika 60 na mwenzako wa karibu alikuwa ameandika 40, bei inasimama kwenye 41, kwa sababu kati ya dola 25 na 99.99 eBay ya Marekani hupanda kwa dola moja moja. Hizo 19 zilizobaki hazijaliwa. Zimelala palepale, zinamngoja mtu mwingine apande.

Kwa hiyo mshindi hulipa bei ya mtu wa pili na kidogo juu yake. William Vickrey aliifanyia hesabu mwaka 1961 na alipewa Nobel ya uchumi mwaka 1996, ingawa wauza stempu wa Marekani walikuwa wakinadi kwa barua kwa mtindo huo tangu karne ya 19. Kwako wewe maana yake ni hii: hakuna faida ya kuandika pungufu kisha kuongeza baadaye. Andika bei yako ya kweli mara moja.

Aina ya pili ni mnada wa nyundo. Dalali yuko ukumbini, London au Osnabrück kule Ujerumani, nawe unafuatilia mtandaoni na kubonyeza kila unapotaka kupanda. Hapa juu ya bei ya nyundo unaongezwa ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hadi 25, na baadhi ya majukwaa ya mtandaoni huongeza asilimia chache zao. Wageni wengi huisoma ada hiyo kwenye ankara.

Hatua ya 1: Chora mpaka wa mkusanyo wako

Anayesema anakusanya "sarafu za zamani" atahusika na kila mnada duniani. Andika sentensi moja inayoweza kukukatalia kitu. Kwa mfano: "Senti za tundu za Afrika Mashariki, 1921 hadi 1964, moja kwa kila mtawala." Au: "Heller moja za Wajerumani, 1904 hadi 1913, za Berlin (herufi A) na za Hamburg (herufi J)." Au jambo dogo zaidi: "Mapesa ya shaba ya Barghash, yale yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 na 1304 Hijria." Mapesa hayo bado yanapatikana kwa bei ya mwanafunzi, na tarehe yake imeandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, kwa hiyo utajifunza kuzisoma ukipenda usipende.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: tafuta bei ya kipande kigumu kuliko vyote katika seti hiyo sasa hivi, ukiwa bado na viwili tu. Kwenye albamu yenye matundu ishirini, tundu la mwisho lililo wazi linapiga kelele kuliko kumi na tisa yaliyojaa, na wauzaji wanalijua hilo. Mtu anayelijaza huwa ananunua tundu zaidi kuliko sarafu. Kama bei ya kile kigumu huiwezi, badilisha seti leo. Ukishafika kipande cha kumi na tisa hutaweza.

Hatua ya 2: Tafuta bei zilizolipwa, si zinazoombwa

Kwenye eBay washa chujio la bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Linakuonyesha takriban siku 90 zilizopita. Kwa minada ya nyundo tumia tovuti za NumisBids au acsearch kutazama matokeo ya nyuma. Tafuta mauzo sita au zaidi ya sarafu ileile, mwaka uleule, hali inayofanana. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, chukua iliyo katikati ya zilizobaki. Andika kwenye daftari.

Ifanye kazi hii kabla ya kusoma maelezo ya muuzaji. Namba ya kwanza unayoiona hukaa kichwani kama msumari, na namba nyingine zote utazipima kwayo bila kujijua. Muuzaji aliyeandika "thamani ya orodha dola 150, naanzia 0.99" amekupigilia misumari miwili kwa sentensi moja: wa juu ili 70 ionekane rahisi, na wa chini ili watu wengi waingie mapema, wajione wako mchezoni.

Angalizo kuhusu neno "adimu". Ndururu (senti 5) na peni (senti 10) za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaachia kiti. Kwa kuwa zina tundu katikati na hazina kichwa cha mfalme, hazikusubiri picha yake, zikatengenezwa kwa mamilioni. Hadithi yake ni adimu, sarafu yenyewe si adimu. Vivyo hivyo riyali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria: mwaka ulioandikwa ni 1780 daima, hata kwenye zilizotengenezwa karne ya 20. Zile za kawaida bei yake hukaa karibu na fedha iliyomo, yaani kama gramu 23.4 za fedha tupu. Atakayekuambia umri wake ni miaka zaidi ya 240 mwombe akuonyeshe ni toleo gani.

Hatua ya 3: Kagua kipande ukiwa mbali nacho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Uzito wa kuanzia nao ni huu:

- Rupia moja ya Wajerumani, 1890 hadi 1914: gramu 11.66, fedha 0.917 (yaani asilimia 91.7 ni madini ya fedha).
- Shilingi ya Afrika Mashariki, 1921 hadi 1946: gramu 7.78, fedha 0.250. Za baada ya hapo hazina fedha.
- Riyali ya Maria Theresa: gramu 28.07, fedha 0.833.
- Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, 1916: gramu 7.17, dhahabu 0.750.

Sarafu iliyozunguka sokoni miaka mingi hupungua gramu 0.1 au 0.2. Ikipungua nusu gramu, kuna jambo. Ikizidi, kuna jambo kubwa zaidi, kwa sababu matumizi hayaongezi uzito.

Mwandikie muuzaji siku mbili au tatu kabla ya kufungwa. Mwombe vitu vitatu: uzito kwenye mizani, picha ya ukingo, na picha moja ya sarafu iliyoinamishwa kidogo mwanga ukitoka upande. Anayeuza kwa nia njema hujibu hata kama ni kwa kifupi. Anayesema "picha zinatosha" naye amejibu.

Picha zikija, zitazame kwa mpangilio huu. Anza na uwanda, ile sehemu tupu inayozunguka maandishi. Ukiona mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, imesuguliwa. Dalili nyingine ya kusuguliwa: uwanda unang'aa kama sufuria mpya, lakini kwenye kona za herufi na kwenye mikunjo ya mavazi bado pana uchafu mweusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sarafu ya namna hiyo huwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na haiwezi kurudishwa.

Kisha herufi. Kwenye sarafu halisi iliyopigwa kwa mashine, kuta za herufi husimama wima. Kwenye bandia ya kumiminwa huwa zimelegea, kama zilizochorwa kwenye sabuni iliyotumika, na uwanda una vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Pitia ukingo: mstari unaozunguka sarafu nzima ni kiungo cha kalibu.

Mwisho tazama juu, kwenye saa kumi na mbili ya uso wa sarafu. Rupia nyingi za pwani ziligeuzwa mikufu. Kitanzi kikiondolewa hubaki doa la kuchomelea, lililosawazishwa kwa tupa. Muuzaji asipolitaja, ulitaje wewe.

Dhahabu ya Tabora ni kesi ya peke yake. Wajerumani waliitengeneza kwenye karakana ya reli wakati wa vita, tembo upande mmoja, tai upande wa pili, herufi T chini, na bandia zake ni nyingi. Usiiguse bila kifuko cha plastiki ngumu cha NGC au PCGS, kampuni zinazokagua na kuthibitisha sarafu, na hata hapo ingiza namba ya kifuko kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Vifuko navyo hughushiwa.

Onyo: sarafu za shaba za Kilwa na nyingine zilizofukuliwa ardhini ziache kabisa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na kuchimbua au kusafirisha mali za aina hiyo bila kibali ni kosa. Muuzaji asipoweza kueleza ilitoka nchini lini na kwa karatasi gani, hilo si tatizo la kulitatua kwa punguzo la bei.

Hatua ya 4: Piga hesabu kutoka mlangoni kurudi nyuma

Wageni hupanga dau kwanza, gharama baadaye. Geuza. Anza na kiasi utakachotoa mpaka sarafu ifike mlangoni, kisha ondoa kimoja kimoja. Tuseme jumla yako ni dola 100, mnada ni wa nyundo wenye ada ya asilimia 20, usafirishaji ni dola 15, na mzigo unatozwa VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara (Kenya ni 16):

100 ÷ 1.18 = 84.75
84.75 − 15 = 69.75
69.75 ÷ 1.20 = 58.1

Dau lako la mwisho ni 58. Hapo hatujaweka ushuru wa forodha, makato ya benki ya kubadili fedha, wala gharama za wakala. Mtu aliyeingia na "dola 100 za sarafu" akanyanyua mkono mpaka 95 amejiongezea deni la zaidi ya dola 50 bila kuliona.

Hatua ya 5: Andika namba, lala nayo

Linganisha namba ya Hatua ya 4 na ile ya katikati ya Hatua ya 2. Chukua iliyo ndogo. Kisha jiulize swali moja: "Nikipitwa kwa dola moja juu ya hapa, nitasema chukua kwa moyo mweupe?" Jibu likiwa hapana, namba yako ni ya uongo. Ipandishe sasa kama bajeti inaruhusu, au kubali kwamba hukitaki kwa kiasi hicho. Swali hili halina maana ukijiuliza saa inapohesabu sekunde.

Kama hukuweza kuthibitisha hali ya sarafu vizuri, punguza asilimia 10 hadi 15. Sababu ni rahisi: ukishinda, maana yake kila mwingine aliyekagua picha zilezile aliona haifiki hapo. Wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliieleza hali hii mwaka 1971 baada ya kuona makampuni yaliyokuwa yakishinda zabuni za vitalu vya Ghuba ya Meksiko yakipata faida ndogo kuliko yalivyotarajia. Anayeshinda mara nyingi ni aliyekadiria juu kupita wenzake.

Namba iwe na senti za ajabu: 58.37 badala ya 58. Watu wengi huandika namba za mviringo, na senti 37 zimeshinda minada mingi.

Funga daftari. Usiweke dau siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Jua mnada unafungwa vipi na saa ngapi zetu

eBay hufunga kwa saa kamili, iwe isiwe. Catawiki na tovuti nyingi za minada ya sarafu huongeza muda kila dau jipya likiingia dakika ya mwisho, kwa hiyo kuvizia, yaani kuweka dau sekunde za mwisho, hakusaidii kitu huko. Soma masharti kabla.

Halafu saa. Mnada unaofungwa saa 20:00 London wakati wa kiangazi chao ni saa nne usiku Dar es Salaam na Nairobi. Wakati wa baridi yao ni saa tano usiku. Wao hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatugeuzi, na kila mwaka kuna anayefika saa moja baadaye. New York tunaipita kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na nane wakati wa baridi, kwa hiyo minada ya jioni ya kwao inatukuta alfajiri. Kwa minada hiyo acha dau mapema ukalale. Mtu aliyeamka saa tisa usiku kwa ajili ya heller moja ameshaamua kutoondoka mikono mitupu.

Hatua ya 7: Weka dau, mara moja

Una njia mbili kwenye mnada wa saa kamili.

Kuweka mapema: unaandika 58.37 siku yoyote, unaondoka. Ni salama kwa mtandao mbovu, na dau zikilingana aliyetangulia ndiye mshindi. Hasara ni kwamba unawapa wenye mori muda wa kukujaribu.

Kuvizia: unaandika namba ileile sekunde 8 za mwisho ili asiwepo wa kujibu. Ni halali kabisa kwenye eBay. Alvin Roth na Axel Ockenfels walionyesha katika makala yao ya mwaka 2002 kwamba ufungaji wa saa kamili ndio unaowafanya wazoefu wasubiri mwisho. Kwa bando linalosuasua usisubiri 8. Weka sekunde 25, ukurasa wa kuthibitisha ukiwa umeshafunguka. Na uhakikishe chaji ipo, umeme haupangi miadi na minada.

Kwa mnada wa nyundo, mwachie mwendesha mnada dau la maandishi siku moja kabla. Wengi wanapokea. Unakosa burudani ya kubonyeza, na hiyo ndiyo faida yake.

Kosa la kawaida kuliko yote: kuandika 40 "kuonja maji", kupitwa, kuandika 45, kupitwa, 50. Kila kitufe unachobonyeza kinakufundisha kubonyeza kingine.

Hatua ya 8: Dakika tano za mwisho

Hatua hii ni ya mwili zaidi kuliko hesabu. Umekuwa juu kwa siku nne. Umeitazama picha mara thelathini, umeshaipangia tundu lake kwenye albamu. Sasa saa imegeuka nyekundu, simu inatetemeka, na mtu aliyefichwa kwa nyota na herufi mbili amekupita kwa dola moja. Kiganja kinalowa. Kichwani hakuna tena sarafu. Kuna mtu anayekunyang'anya chako.

Wakati huo namba inayokuja kichwani ni ndogo sana: dola moja tu. Martin Shubik aliuonyesha mtego huu mwaka 1971 kwa mchezo wa kunadi noti ya dola moja, ambapo aliyeshika nafasi ya pili naye hulipa dau lake. Wachezaji hupita bei ya noti yenyewe, kila mmoja akiongeza kidogo ili asipoteze alichokwisha kutia. Wewe kwenye mnada wa kawaida hulipi ukishindwa, lakini moyo hauijui tofauti hiyo: siku nne za kungoja unazihesabu kama malipo.

Fanya hivi:

- Daftari liwe wazi mezani, namba imeandikwa kwa kalamu, si penseli.
- Ukishaweka dau la Hatua ya 7, simu ipeleke chumba kingine. Matokeo yatakuwepo baada ya dakika kumi.
- Ukilazimika kubaki kwenye mnada wa nyundo, kaa na mikono mapajani. Kila dalali akitaja bei, sema kwa sauti jumla ya mlangoni, si bei ya nyundo. "Sabini na tano" inasikika nyepesi. "Mia moja ishirini na nne mpaka nyumbani" haisikiki hivyo.
- Usinadi ukiwa na njaa, umekasirika, au umetoka kupoteza mnada mwingine chini ya saa moja iliyopita. Hili la tatu ndilo linaloumiza zaidi: dau la kulipiza kisasi huangukia kipande ambacho hakikuwemo kwenye orodha.

Hatua ya 9: Baada ya kushinda

Lipa ndani ya siku ulizopewa. Usafirishaji uwe wa rejista au wenye bima. Kanuni za posta za kimataifa kwa kawaida zinakataza kutia sarafu kwenye mzigo usio na bima, na baadhi ya kampuni za vifurushi hazipokei sarafu kabisa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" au apunguze thamani. Kikipotea, bima italipa thamani iliyoandikwa.

Fungua kifurushi huku unarekodi video, kuanzia lebo mpaka sarafu iko juu ya mizani, uzito unasomeka. Pitisha sumaku: fedha na dhahabu hazivutwi. Usisafishe. Iweke kwenye kifuko kisicho na plastiki ya PVC, maana PVC kwenye joto la pwani hutoa utando wa kijani unaokula shaba, na utie pakiti ya silika ya kufyonza unyevu kwenye kasha.

Kisha iandikie kadi: mwaka, uzito uliopima mwenyewe, ilikotoka, jumla uliyolipa mpaka mlangoni. Msisimko wa kusaka hufifia haraka, pengine kabla hujatupa bahasha. Kadi inakurudisha kwenye kipande chenyewe, na ukiwa na kadi thelathini zenye jumla za kweli hutahitaji mwongozo wa bei.

Mambo yakienda kombo

*Napitwa kila mara kwa dola moja.* Hupitwi kwa dola moja. Huyo aliyeshinda huenda aliandika 90. Mfumo ulimtoza kidogo juu ya dau lako. Usihitimishe kwamba dola mbili zingetosha. Ukipitwa mara sita mfululizo kwenye sarafu ya aina moja, rudi Hatua ya 2, bei zako zimepitwa na wakati.

*Nimekosea, nimeandika 583 badala ya 58.30.* eBay huruhusu kufuta dau kwa kosa la kuandika, kisha uandike sahihi papo hapo. Yakibaki chini ya masaa 12, unaweza kufuta lile tu uliloliweka ndani ya saa moja iliyopita. Kufuta kwa sababu umebadili mawazo si ruhusa, na historia yako inaonekana.

*Nahisi muuzaji anatumia mpambe kupandisha bei.* Fungua historia ya madau. Tazama asilimia ya shughuli za mtu huyo na muuzaji huyu kwa siku 30: aliye karibu na 100, hana maoni yoyote, anapanda kidogo kidogo kisha anaachia, anatia shaka. Ripoti, usibishane naye kwa pesa. Bei uliyoandika kwa kalamu inakulinda hapa pia.

*Nimeshindwa, siku mbili baadaye muuzaji kaniambia niichukue kwa dau langu la juu.* Kupitia mfumo wa tovuti ni utaratibu halali, na huna wajibu wa kukubali. Jiulize mshindi kaenda wapi. Akikutaka ulipe nje ya tovuti, kwa uhamisho wa moja kwa moja, achana naye.

*Kilichofika si kilichoonyeshwa.* Kwenye eBay fungua madai ndani ya siku 30 tangu kupokea, weka video na picha ya mizani. Andika mambo mawili tu: uzito unaotakiwa, uzito uliopo. Lawama ndefu hupunguza kasi ya jibu.

*Nimeshinda, najuta.* Lipa. Kisha iweke miezi mitatu kabla ya kuiuza. Ukiinadi wiki hiyohiyo, wanunuzi wanaiona bei uliyolipa na hawataivuka.

*Siwezi kuacha.* Dalili ni hizi: vifurushi vinafichwa mke au mume asivione, kuna sarafu ambazo hazijafunguliwa, pesa imetoka kwenye ada ya shule au kodi ya nyumba. Ondoa programu ya mnada kwenye simu ubaki na kompyuta, zima taarifa zote za "umepitwa", acha kadi ya mtandaoni ikae tupu. Weka sharti la kuuza kimoja kabla ya kununua kimoja. Ikipita mwezi na bado usiku unajikuta kwenye minada, zungumza na mtu wa nyumbani anayezijua hesabu zako, umkabidhi kadi.

*Kifurushi kimekwama.* Namba ya ufuatiliaji ikisimama zaidi ya wiki moja baada ya kuingia nchini, nenda posta au forodha na ankara iliyochapishwa, uthibitisho wa malipo na kitambulisho. Chapa na ukurasa wa mnada wenye picha siku uliyoshinda. Baada ya miezi michache kurasa hizo hutoweka, na afisa atataka kuona ulinunua nini.